Homa Ilipowaangusha Mume na Mke



Siku mlipoahidiana mbele ya altare kwamba ugonjwa hautawatenganisha, bila shaka kila mmoja wenu alijiona katika mawazo yake amesimama wima. Mmoja yuko kitandani, mwingine ni mzima. Mmoja anatetemeka, mwingine anachemsha uji na kukanda maji. Ndivyo tunavyowaza sote. Lakini je, homa ikiingia nyumbani ikawaangusha wote wawili katika wiki ile ile, na mke akiwa katika siku zake za kujifungua, nani atamwuguza mwenziwe?

Jambo hilo limewahi kutokea hapa hapa kwetu. Ninyi mnaoishi Magogoni na Kisauni, mkipanda matatu kwenda mjini mnapita Kengeleni kabla ya daraja la Nyali. Si mbali na hapo, upande wa Mkomani, mahali panapotazamana na Mji wa Kale ng'ambo ya maji, kuna kaburi la mama mmoja na mtoto wake mchanga. Jina la mume wake mmelisoma shuleni: Johann Ludwig Krapf, yule Mjerumani aliyeandika sarufi na kamusi ya Kiswahili na kuuona Mlima Kenya. Jina la mke, Rosine Dietrich, walilikumbuka wachache. Leo tuzungumze juu ya wote wawili, kama mume na mke. (Krapf hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mlutheri aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza. Homa haikumwuliza dhehebu lake.)

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, nyumbani kwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala mgonjwa karibu nusu mwaka. Katika kitanda hicho ndipo aliposhika Biblia na kuizoea. Kwa hiyo huyu si mtu aliyekutana na ugonjwa ukubwani; aliujua tangu utotoni, na aliujua kama mtu anayetunzwa na wengine. Kumbuka jambo hili, maana kutunzwa na kutunza ni kazi mbili tofauti. Wako waume wengi waliolelewa vizuri sana na mama zao kila walipougua, na hata hivyo mke akiugua hawajui sufuria imewekwa wapi.

Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akapelekwa Ethiopia. Mwaka 1842 alikuja hadi Misri, na huko akamwoa Rosine. Mwaka uliofuata wakaanza safari ya kurudi Ethiopia pamoja, naye Rosine akiwa mjamzito. Njiani, katika nyika kavu kutoka Massawa, uchungu ukamshika kabla ya wakati. Alijifungua mtoto wa kike, na mtoto hakukaa. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Tusiipite habari hii haraka. Hawa ni watu walio katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Wamemzika mtoto nyikani, kisha wakafungiwa njia ya Ethiopia, kazi yote ya mume ikawa kama imekwisha. Wanandoa wengi wanaofiwa na mtoto wa kwanza huanza kutazamana kwa jicho baya. Mume anadhani mke hakujitunza, mke anadhani mume alimkokota safarini. Hakuna anayesema. Kila mmoja analia peke yake, na kitanda kinakuwa kipana. Ninyi mliofikwa na msiba kama huo, hata kama ni mimba iliyotoka mapema na watu wakawaambia si kitu, mpeni huyo mtoto jina. Krapf na Rosine walimpa, na jina lenyewe halikuficha uchungu wao.

Mwezi wa Novemba 1843 waliondoka Aden kwa chombo cha tanga kuja pwani ya kwetu. Chombo cha kwanza kilivuja, nusura wazame, wakarudi Aden na kuanza upya. Sasa hesabu miezi kutoka Julai 1844 kurudi nyuma, utaona kwamba kama mimba ilitimiza miezi yake, Rosine alipokuwa akitota katika chombo kile alikuwa amekwisha kushika mimba ya pili. Mimi nathubutu kusema kwamba mume mwingine angemwacha mke apumzike mahali fulani mwaka mzima. Mtu anaweza kumheshimu Krapf na bado akamwuliza swali hilo. Lakini katika barua na habari zilizobaki, Rosine haonekani kama mzigo uliobebwa. Anaonekana kama mtu aliyeitaka kazi ile kama mumewe alivyoitaka.

Januari 1844 walifika Unguja, Sayyid Said akawapa barua ya kuwatambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Krapf hakukawia, tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, Kadhi wa Mombasa. Walikuwa katika mji huu kwa muda wa miezi miwili hivi, hawana ndugu wa damu hata mmoja karibu, na hospitali haikuwapo. Ndipo masika ilipokuwa imemalizika, na homa ikaingia.

Mwanzoni mwa Julai Krapf ndiye aliyeshikwa kwanza. Rosine, mwenye mimba ya siku za mwisho, akawa ndiye mwuguzi. Mume akapata nafuu kidogo, kisha ikamrudia, na safari hii ikamshika na mke. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Baada ya hapo nyumba nzima ililala: baba hawezi kuinuka, mama anachomwa na homa, kichanga kimelala kati yao.

Kwa dalili na kwa mahali, hapana shaka kubwa kwamba ilikuwa malaria. Wakati ule hakuna aliyejua inatoka wapi. Wazungu waliamini inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na neno lenyewe malaria kwa Kiitaliano ni hewa mbaya. Mfaransa Laveran aliviona vijidudu vyake katika damu ya mgonjwa mwaka 1880 huko Algeria, na Ronald Ross akathibitisha mwaka 1897 huko India kwamba mbu ndiye anayevibeba. Miaka 53 ilikuwa imepita tangu Julai ile ya Mombasa. Dawa ya magome ya mti wa sinkona ilijulikana Ulaya tangu karne ya 17, na kwa kuwa Mapadre Wajesuiti ndio walioileta kutoka Peru, watu waliiita unga wa Wajesuiti. Lakini kuwapo kwa dawa duniani ni jambo moja, na kuifikisha kwa mgonjwa kwa wakati ni jambo jingine.

Leo mambo haya yanajulikana, na ndiyo sababu natia neno hapa kwa waume. Mimba hupunguza nguvu ya mwili wa mama kushindana na malaria, hasa mimba za kwanza. Vijidudu hujificha katika kondo la nyuma hata mama akiwa hana homa kali, damu yake ikapungua, mtoto akazaliwa mdogo au kabla ya siku. Tena mtu aliyekulia mahali pasipo na malaria hana kinga yoyote. Rosine alitoka Ulaya. Lakini mke aliyelelewa Nyeri au Limuru, akaolewa Kisauni, yuko katika hatari iliyo karibu na ile ile. Hali kadhalika dada aliyezaliwa hapa hapa akaishi bara miaka mingi kisha akarudi. Usimwambie mkeo wa namna hiyo kwamba watu wa hapa hupata homa kila siku na hawafi. Katika Pwani yetu, kliniki za wajawazito hutoa chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Je, wewe baba, umewahi kukisoma kijitabu chake cha kliniki? Au unakijua kwa rangi ya jalada tu?

Na homa ya mjamzito si ya kungojea asubuhi. Apimwe siku ile ile. Akianza kupayuka, au kupoteza fahamu, au kutapika kila anachokunywa, au kupumua kwa shida, au kutoka damu, au kupatwa na degedege, hapo hakuna tena shauri la panadoli. Ukiwa Magogoni usiku, chombo cha kukuvusha hadi hospitali kubwa upande wa kisiwani kinatakiwa kiwe kimejulikana tangu mchana. Mtoto mchanga wa siku chache akiwa na homa, au akikataa kunyonya, naye hupelekwa mara moja.

Turudi katika chumba kile. Mnakiona? Krapf ni mwanamume wa miaka 34, amezoea kutembea maili nyingi kwa miguu, amekwisha kupita katika ikulu za wafalme. Sasa mkewe anakufa hatua chache kutoka kwake, na hawezi kumfikishia maji. Kwa mwanamume hapana unyonge uzidio huo. Wengi wetu tukifika hapo tunakimbia. Si lazima kukimbia kwa miguu. Mtu anaweza kukimbia akiwa amekaa pale pale. Anashika simu, anatoka nje kuongea na wageni, anajitia shughuli ya kutafuta fedha ambayo ndugu angeweza kuifanya. Anasema hawezi kuvumilia kumwona katika hali ile. Mke naye anabaki na dada zake, akijiuliza mume yuko wapi.

Krapf hakuwa na pa kukimbilia, na pengine hiyo ndiyo neema aliyopewa. Alilala pale akamsikiliza. Rosine alijua kwamba anakwenda. Kwanza aliisumbukia roho yake, kisha akapata amani. Aliwaombea jamaa zake, aliiombea kazi ya mume wake, aliwaombea watu wa Afrika Mashariki na Sultani wao. Akasema pia anakotaka kuzikwa: si kisiwani, bali bara, upande wa nchi ya Wanyika, kama Wamijikenda walivyoitwa siku zile, ili wapitao njia waone kaburi na kukumbuka ni nini kilichowaleta hawa watu wawili kutoka mbali.

Hapa nataka tukae kidogo. Mgonjwa kitandani akianza kusema habari za kifo chake, sisi tunafanya nini? Tunamnyamazisha. Tunamwambia asijiapize, asituletee mkosi, atapona tu. Tunadhani tunamtia moyo. Kumbe tunajitia moyo wenyewe, na yeye tumemfungia mlango. Mke anayo mambo yanayomlemea: nani atakaa na watoto, deni la chama, ile shuka aliyomwazima jirani, neno alilokukosea miaka sita iliyopita na hakupata kuliomba radhi. Akishanyamazishwa mara mbili hatasema tena. Kama akipona, na mara nyingi sana atapona, hutakuwa umepoteza kitu kwa kumsikiliza. Utakuwa umemjua mwenzio kuliko jana. Mwachie aseme. Shika mkono wake, na ukikosa la kujibu usijibu. Mwite padre mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa, angali anaweza kuitikia sala, na usiogope majirani watasema umemkatia tamaa. Sakramenti hiyo si ya maiti.

Na ukiwa wewe ndiwe mgonjwa zaidi, lakini bado una pumzi, usimfiche mwenzio kwa kusema uko sawa. Wake wengi hufanya hivyo. Nadhani hata Rosine, alipokuwa akimkanda mumewe siku zile za kwanza za Julai, alijisikia maungo yakiuma akanyamaza. Sina ushahidi, ninawajua kina mama tu.

Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844. Krapf mwenyewe alisimulia kwamba homa ilikuwa imemdhoofisha kiasi kwamba alijikokota kwa taabu kutoka kitandani mwake ili ahakikishe kwa macho yake kuwa kweli mkewe ameaga. Basi hiyo ndiyo hatua aliyoweza kumpigia mkewe katika wiki nzima, nayo ilikuja akiwa amekwisha kukata roho. Mtu mwenye haraka atasema haikumsaidia kitu. Mimi sikubali. Wiki ile yote mke alimsikia anapumua upande wa pili wa chumba, alijua kila neno lake lina mtu wa kulipokea, na alilotaka alilisema kwa mtu ambaye angelitimiza.

Naye alilitimiza. Katika hali ile ya udhaifu alihakikisha mkewe amevushwa maji akazikwa bara kama alivyoomba. Siku mbili hivi baadaye mtoto naye akafa, akalazwa kando ya mama yake. Hapo baba alibaki peke yake kabisa, bado ana homa.

Wengi wangetafuta chombo cha kwanza cha kurudi kwao. Yeye aliwaandikia wakuu wake London akawaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na kaburi hilo liwe kwao alama kwamba kazi imeanza. Wapo wanaomsifu sana kwa barua ile. Mimi huisoma kwa mashaka kidogo, maana mfiwa anayekimbilia kazi haraka namna hiyo mara nyingi anauahirisha msiba, na msiba ulioahirishwa hudai riba. Ukimwona baba katika jumuiya yenu amezika mke Jumamosi na Jumatatu yuko kazini anacheka na watu, msimsifu kwa ushujaa. Mfuateni jioni, mketi naye, mumtajie marehemu kwa jina.

Jambo moja ambalo wanandoa wanaweza kulifanya wiki hii wakiwa wazima ni hili: kaeni jioni moja mkaulizane, tukilala wote wawili, tutamwita nani? Lisiwe jina la ndugu aliye Nairobi au Taita. Liwe la mtu anayeweza kugonga mlango wenu katika muda wa kupika chai. Krapf na Rosine walikuwa wageni wa miezi miwili mjini, basi tuwasamehe. Wewe umekaa Magogoni miaka kumi, unasali katika jumuiya ndogo ndogo kila wiki, je, yupo hapo mtu mmoja anayejua ufunguo wenu wa akiba umewekwa wapi? Anajua kadi ya bima na kijitabu cha kliniki viko droo gani? Mama mwenye nyumba, Mwislamu au Mkristo, usimdharau. Usiku wa saa nane yeye ndiye aliye karibu kuliko katekista. Mkubaliane pia ni nani atakayewachukua watoto, na mtoto anayenyonya atalishwa nini ikiwa mama hawezi. Hili la mwisho waume hulisahau kabisa. Mazungumzo haya hayaleti mkosi. Yanachukua nusu saa.

Krapf aliishi Mombasa peke yake karibu miaka miwili, akiandika Kiswahili. Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai kuanzisha misheni. Siku waliyohama wote wawili walikuwa na homa, lakini safari hii walikuwa wawili, na wakafika. Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1850. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ujerumani, na huko mwaka 1856 alioa tena, miaka 12 baada ya Rosine. Mke huyo wa pili naye alitangulia, akaoa mara ya tatu. Wasomaji wajane na wagane ambao watoto wao wakubwa wamenuna kwa sababu ya ndoa mpya wanaweza kuwaonyesha kwamba kuoa tena si kumfuta marehemu: habari za Rosine tunazijua leo kwa sababu Krapf alizichapisha katika kitabu cha safari zake akiwa na mke mwingine nyumbani.

Alifariki Korntal, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1881, akiwa na umri wa miaka 71. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Yeye amezikwa huko huko. Rosine na mtoto wako Mkomani.